Bifu ya Intel na AMD: Vile Ilianza, Nani Amechapwa na Kwa Nini Inagusa Mfuko Wako

Cheki pale kando ya kibodi ya laptopu yako. Kama haijabanduka, kuna kastika kadogo kameandikwa Intel ama AMD. Wasee wa gemu huchongoana mitandaoni juu ya hako kastika kama mafans wa Gor na Ingwe. Wewe labda hujawahi kujali. Lakini hii bifu imedumu zaidi ya miaka 50, na ndiyo imeamua laptopu yako iko na nguvu kiasi gani na ulitoa doh ngapi.

Twende nayo pole pole.

Prosesa ni nini kwanza?

Ni ile chipu inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Ukifungua programu, ukicheza gemu, ukitengeneza video, ni yeye anatoka jasho. Ndani yake kuna viini. Chukulia kila kiini ni mpishi kibandani. Wapishi wawili watakupikia chapo, sawa, lakini saa saba mchana wateja wakijaa, kibanda cha wapishi wanne ndicho kitasonga.

Chipu pia ziko na lugha yake. Windows na programu zake nyingi zimeandikiwa lugha inaitwa x86. Kampuni zinazouzia dunia chipu za x86 kwa wingi ni mbili tu, Intel na AMD. Mmoja akianguka, mwingine anabaki sokoni akipanga bei vile anataka.

Walitoka nyumba moja

Hawa wawili walilelewa pamoja. Robert Noyce na Gordon Moore walikuwa wakubwa Fairchild Semiconductor, kampuni ya chipu kule California. Mwaka wa 1968 wakahepa, wakaanzisha Intel. Mwaka uliofuata, Jerry Sanders, msee wa mauzo wa hapo hapo Fairchild, naye akatoka na wenzake saba wakaanzisha AMD.

Noyce na Moore walikuwa wanasayansi wenye heshima zao. Sanders alikuwa mtu wa luku na mdomo.

IBM yawafungisha ndoa

Mwaka wa 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya watu binafsi, ikitumia chipu ya Intel inayoitwa 8088. Lakini IBM haikutaka kutegemea kiwanda kimoja. Ilitaka kampuni ya pili iweze kutengeneza chipu hizo hizo, ndio mmoja akikwama kazi isisimame. Hapo 1982 Intel ikasaini mkataba na AMD. AMD ikapata ruhusa ya kutengeneza chipu za familia hiyo.

Ndoa haikukaa. Intel ilipotoa chipu ya 386 mwaka wa 1985, ilikataa kupeana siri zake. AMD ikashtaki. Kesi ilivutana miaka, na AMD ikatumia huo muda kujitengenezea 386 yake, ikaitoa 1991. Walikuja kuelewana 1995, baada ya Mahakama ya Juu ya California kuipatia AMD ushindi mwishoni mwa 1994.

Hiyo vita pia ndiyo ilizaa jina Pentium. Intel ilijaribu kuzuia wengine kutumia "386", korti ikasema nambari tu haiwezi kumilikiwa na mtu. Basi chipu iliyofuata 486, iliyotoka 1993, ikapewa jina ambalo hakuna mtu angeiba.

AMD yaonyesha si kivuli cha mtu

Watu wengi bado waliona AMD kama fundi wa kuigiza kazi ya wengine. Hiyo dharau iliisha 1999 ilipotoa Athlon. Machi 2000 AMD ikawa ya kwanza kuuza prosesa ya x86 ya gigahazi moja, siku mbili tu kabla ya Intel.

Kisha ikaja ile kubwa zaidi. Intel ilitaka kupeleka dunia kwa chipu mpya ya biti 64 inaitwa Itanium. Shida ni kwamba Itanium iliongea lugha tofauti kabisa, na programu za zamani zilitambaa ndani yake kama mat kwa foleni ya Mombasa Road. AMD ikafikiria vingine. Ikachukua x86 ile ile ya zamani na kuipanua ifike biti 64, ndio programu zako za jana ziendelee kufanya kazi. Ilitoa chipu ya kwanza ya aina hiyo 2003, na 2004 Intel ikalazimika kufuata. Hadi leo, hata kama stika yako imeandikwa Intel, hiyo biti 64 ndani yake ilibuniwa na AMD.

Doh ya chini ya maji

Sasa jiulize. Kama AMD ilikuwa na chipu kali hivyo, mbona ilikuwa ngumu kuiona madukani? Dell, kwa mfano, haikutengeneza kompyuta za AMD hadi 2006.

Mwaka wa 2005 AMD ilipeleka Intel kortini Marekani, ikidai inafungiwa soko. Tume ya Ulaya nayo ikachimba. Mei 2009 ikasema Intel ilipatia watengenezaji wakubwa punguzo la bei kwa masharti kwamba wanunue chipu zake zote ama karibu zote. Pia ikasema Intel ililipa HP, Acer na Lenovo ili wachelewesha ama wasimamishe kompyuta zenye AMD. Faini ilikuwa euro bilioni 1.06. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Intel ikalipa AMD dola bilioni 1.25 ili wamalize kesi zao.

Intel haikukubali makosa. Ilipigana na ile faini hadi 2022, korti ikaifutilia mbali kwa sababu upande wa punguzo haukuthibitishwa vizuri. Ile sehemu ya kulipa watu wachelewesha kompyuta za AMD ilibaki, na 2023 Tume ikairudia na faini ya euro milioni 376.

Miaka ya usingizi

Hapa ndipo wewe mnunuzi uliumia.

AMD ilisota. Ilikuwa imenunua kampuni ya kadi za picha ya ATI mwaka wa 2006 kwa dola bilioni 5.4, deni likabana. Sanders alikuwa akijigamba kwamba wanaume wa kweli wana viwanda vyao, lakini 2009 AMD iliachilia viwanda vyake kwa kampuni mpya yenye doh ya Abu Dhabi. Chipu zake za Bulldozer, zilizotoka 2011, zilikula stima mingi na zikashindwa na za Intel. Kufikia 2015 hisa moja ya AMD ilikuwa chini ya dola mbili.

Intel ikabaki peke yake juu. Ilifanya nini? Kuanzia 2007 hadi mwanzo wa 2017, prosesa zake za kompyuta za mezani za kawaida hazikuvuka viini vinne. Miaka kumi, wapishi ni wale wale wanne. Kwa laptopu nyembamba ilikuwa mbaya zaidi. i5 ilikuwa na viini viwili, na hata i7 ya aina hiyo ilikuwa na viwili. Kila mwaka jina jipya, nguvu inaongezeka kidogo tu, na ulinunua kwa sababu hukuwa na pengine pa kwenda.

Lisa Su anaingia

Oktoba 2014 AMD ilipata mdosi mpya, Lisa Su, injinia aliyezaliwa Taiwan na kusomea MIT hadi udaktari. (Umbea kidogo: Jensen Huang wa Nvidia, mshindani wake kwa kadi za picha, ni jamaa yake wa mbali. Na Jensen mwenyewe aliwahi kuajiriwa AMD.)

Machi 2017 AMD ikatoa Ryzen. Ile ya juu ilikuwa na viini 8 kwa dola 499, wakati Intel ya viini 8 ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Manze, Intel iliamka mbio. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo chipu zake za mezani zikafika viini 6, na 2018 zikafika 8. Kitu ilishindwa kufanya kwa miaka kumi, ilifanya kwa chini ya miaka miwili.

Na kukosa viwanda kukageuka baraka. AMD ilipeleka kazi yake TSMC kule Taiwan, wakati viwanda vya Intel vilikuwa vimekwama kwa teknolojia mpya kwa miaka.

Intel iko wapi saa hii?

Iko chini. Apple ilianza kuhama kwenda kwa chipu zake mwenyewe 2020. Mwaka wa 2024 Intel ilipata hasara ya dola bilioni 18.8 na kutangaza itapunguza kazi zaidi ya 15,000. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni.

Kama wewe ni timu AMD, usisherehekee sana. AMD ikibaki bila mtu wa kuisukuma, hakuna sababu ya kuamini haitalala vile Intel ililala. Kitu kimoja cha kutuliza roho ni kwamba chipu za Arm, zile ziko kwa simu yako, zimeingia kwa laptopu pia. Zimewatia baridi hadi Oktoba 2024 Intel na AMD wakaunda kikundi cha pamoja cha kulinda x86.

Ukienda kununua laptopu

Ukiwa Luthuli ama Moi Avenue ukitafuta ile ya mtumba kutoka ng'ambo, muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, buda." Usishtuke. Uliza ni kizazi cha ngapi.

Soma nambari yenyewe. i7-7500U ni kizazi cha 7 na iko na viini viwili. i5-8250U ni kizazi cha 8 na iko na vinne. Hiyo i5 ndiyo ya kubeba. Kizazi cha 8 cha hizo laptopu kilitoka Agosti 2017, miezi michache baada ya Ryzen.

Pia, Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chipu chache sana. Kwa laptopu ya AMD, tafuta Ryzen za 3000 kwenda juu.

Na kama kuna Intel na AMD za bei moja mezani, linganisha viini, mwaka, RAM na hali ya betri. Stika iachie mafans.