TELUGU NA TETELA: MAJINA YANAYOFANANA BILA KUWA NDUGU

Kila mara tunapozungumza juu ya majina ya makabila, hakukosi mtu wa kusema: "Majina haya yanafanana, basi watu wake ni ndugu." Wengi wetu tumeona Wahindi, wenye maduka katika miji yetu, na pia askari wa India waliokuja Goma pamoja na Umoja wa Mataifa. Tukasikia kwamba Wahindi hawana luga moja, na kwamba moja ya luga zao inaitwa Telugu. Ndipo swali likatoka: Telugu na Tetela, je, hayakutoka katika chungu kimoja? Swali hili si la kuchekelea. Tulichunguze pole pole.

Telugu ni luga ya India ya kusini-mashariki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, karibu watu milioni 81 wa India walisema ndiyo luga yao ya nyumbani. Jina lenyewe wamelieleza kwa njia mbalimbali. Wamoja husema linatoka kwa "Trilinga", maana yake inchi ya linga tatu, yaani alama tatu za mungu Shiva, zilizo katika mahekalu ya Kaleswaram, Srisailam na Draksharama. Wengine hushika jina la zamani "Tenugu", na kusema kwamba "ten" ilikuwa kusini: basi ni luga ya watu wa kusini. Tena kuna wenye kupenda neno "tene", ambalo kwao ni asali. Kumbe hata wenyewe hawakupatana juu ya maana ya jina lao!

Na Tetela? Hao ni watu wa Sankuru, kabila la Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua mwaka 1925. Mtu mumoja ni Otetela, wengi ni Atetela; sisi katika Kiswahili chetu tunasema Batetela. Lakini wazee wao walipojitaja kwa ukoo, walisema wao ni Ankutshu, ao Anamongo, wana wa Mongo. Mkutano mkubwa wa Lodja wa mwezi wa tatu 1960 ulifanywa kwa jina hilo la Akutshu-Anamongo.

Sasa tuyapime majina haya mawili. Luga zetu za kibantu hubadilisha neno mbele: Otetela, Atetela, mtu, watu. Kitelugu hubadilisha neno nyuma: mbwa mumoja ni "kukka", wengi ni "kukkalu". Hapo njo tunaona kwamba ni nyumba mbili ambazo hazikujengwa na fundi mumoja. Kufanana kwa sauti ni bahati tu. Na tuangalie: hiyo "kukka" yao ni mbwa, lakini kuku wetu ni wa kuliwa! Tena kwao "mama" ni ndugu mwanaume wa mama, yule tunayemwita mjomba. Mtoto wa kwetu akisikia Mtelugu anamwita mwanaume mwenye ndevu "mama", atashangaa sana.

Hatusemi kwamba hakuna njia yoyote kati ya India na luga yetu. Iko. Maneno kama pesa, gari na laki yalivuka bahari pamoja na biashara, yakafika pwani, kisha yakapanda mpaka huku Kongo. Lakini neno la kuazimwa linaonyesha njia yake: tunajua nani alilibeba na kwa sababu gani. Telugu na Tetela hayana njia ya namna hiyo.

Basi, kazi yetu imekwisha? Hapana. Sauti haikutupa undugu, lakini historia inatupa fundisho.

Ngongo Lutete, mkubwa wa vita aliyemtumikia Tippu Tip kisha akaingia upande wa Leta, alipigwa risasi na maofisa wa Leta kule Ngandu, mwezi wa tisa 1893. Mwaka 1895 askari waliokuwa watu wake waliasi Luluabourg. Wazungu wakaandika: "uasi wa Batetela." Wakarudia jina lile lile kwa uasi wa 1897 na wa 1900. Lakini katika askari wale kulikuwa Basonge, Baluba, Bakusu na wengine. Jina moja likafunika watu wengi, likabaki katika vitabu. Na sisi, je? Tunapomwita kila mwenye duka "Muhindi" bila kuuliza ni wa luga gani, hatufanyi vile vile?

Kisha jina likafanya kazi ya kinyume: likagawanya. Bakusu wa Maniema na Batetela wa Sankuru wana luga moja, na hata "Kusu" inafungwa na lile jina la zamani Ankutshu. Lakini wa mashariki walikaa karibu na Waswahili, wakapata jina lao. Mipaka ya Leta ikawaweka katika provinsi mbili. Ndugu wakaanza kuonana kama wageni.

Kule India, Watelugu waliomba jimbo moja kwa ajili ya luga yao. Potti Sreeramulu alifunga kula mpaka akakufa, tarehe 15 desemba 1952. Mwaka uliofuata jimbo la Andhra likazaliwa, na mwaka 1956 likaunganishwa na Telangana. Lakini mwaka 2014 Telangana ikatoka, ikawa jimbo lake. Hata yale mahekalu matatu leo yako katika majimbo mawili. Luga moja, majina mawili, mpaka katikati: mtu wa Kibombo na mtu wa Lodja wataelewa habari hii bila mkalimani.

Basi, vijana wetu wanaokusanya desturi wasikimbilie kufunga undugu kwa masikio. Waulize: jina hili, ni nani alilitoa? Wenyewe, ao jirani, ao Leta? Lilikusanya nani, na lilimwacha nani inje? Maana katika inchi yetu watu wamefukuzwa, hata wameuawa, kwa sababu ya jina ambalo babu zao hawakujipa.