Mkoa ulioishi miaka minne tu

Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa mmoja. Tukitaka kuandika siasa za nchi za watu, moja kwa moja tunakimbilia kwa rais, waziri mkuu na bunge. Mikoani hatufiki. Leo nataka tufike, tena mbali kidogo, mpaka Norway. Kuna kisa huko ambacho kimekaa kichwani mwangu muda mrefu, nami nimeona bora nikiandike niwe na amani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwishoni mwa mwaka 2019, mwanasiasa wa miaka 32 anayeitwa Tonje Brenna, wa Chama cha Wafanyakazi, alikabidhiwa kuongoza serikali ya mkoa mpya uitwao Viken. Kwa idadi ya watu ulikuwa mkoa mkubwa kuliko yote nchini humo: zaidi ya watu milioni 1.2 katika nchi yenye watu kama milioni 5.4. Kazi nzuri, au siyo? Tatizo lilikuwa moja tu. Muungano wa vyama uliomweka madarakani haukutaka mkoa huo uwepo.

Hebu fikiria. Unapewa nyumba uitunze, na waliokupa funguo wanataka ibomolewe.

Ili tuelewane, inabidi turudi nyuma kidogo. Mikoa ya Norway haikuanza jana. Mwaka 1662, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya mfalme wa Denmark, utawala uligawanywa katika maeneo yaliyoitwa amt. Mwaka 1919 Wanorway waliacha neno hilo na kuchukua la kwao la kale, fylke, na baadhi ya maeneo yakabadilishwa majina. Smaalenene, kwa mfano, ikawa Østfold. Akershus na Buskerud zikabaki na majina yake. Shika majina hayo matatu, tutayahitaji.

Sasa usifananishe mkoa wa kule na wa kwetu Tanzania, ambako mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Tangu 1975 Wanorway wanachagua wenyewe madiwani wa baraza la mkoa kwa kura ya moja kwa moja, kila baada ya miaka minne. Mkoa ndio unaoendesha shule za sekondari za juu, mabasi, barabara za mkoa na kliniki za meno za umma. Zamani uliendesha hata hospitali, lakini mwaka 2002 serikali kuu ikazichukua. Mwaka 2010 mikoa ikaongezewa mzigo wa barabara nyingi zilizokuwa za taifa. Kwa hiyo kila baada ya muda swali lilikuwa lilelile: hii mikoa tuifanyeje? Tuifute, tuipunguze, au tuiongezee nguvu?

Serikali ya Erna Solberg, ya mrengo wa kulia, ikajibu kwamba tuiunganishe. Juni 2017 Bunge likapitisha mpango wa kuipunguza mikoa kutoka 19 hadi 11, na sehemu kubwa ya mpango huo ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2020. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema mkoa mkubwa una wataalamu wengi zaidi, unapanga usafiri vizuri zaidi, na unaweza kupewa kazi kubwa zaidi na serikali kuu.

Lakini kuna hoja ya kwenye makaratasi na kuna watu. Kule kaskazini, wananchi wa Finnmark waliambiwa wataungana na Troms. Mei 2018 wakapiga kura ya maoni, na asilimia 87 ya waliopiga wakasema hapana. Wakaunganishwa vilevile.

Kusini mashariki ndiko walikozaliwa Viken. Akershus, Buskerud na Østfold zikawekwa chungu kimoja, na jina likachukuliwa kutoka enzi za Waviking, ambapo Viken lilikuwa eneo la kandokando ya ghuba ya Oslo. Matokeo yake ni ramani ya ajabu. Mkoa ulianzia Halden, mpakani na Sweden, ukapanda mpaka kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda. Katikati yake, kama kidole ndani ya pete, ukakaa mji wa Oslo, ambao ulibaki mkoa unaojitegemea. Yaani mtu wa Østfold na mtu wa bonde la Hallingdal wakawa wa mkoa mmoja, na njia ya kawaida ya kutembeleana inapita kwenye mkoa wa mtu mwingine!

Uchaguzi wa mkoa huo ulifanyika Septemba 2019. Chama cha Wafanyakazi kikaungana na Chama cha Kijani, Chama cha Kisoshalisti cha Mrengo wa Kushoto na Chama cha Katikati, ambacho ndicho kilichopiga kelele kubwa zaidi dhidi ya kuunganisha mikoa. Lengo la muungano huo likawa kurudisha mikoa ile mitatu ya zamani, mara tu itakapopatikana serikali kuu inayokubali. Hadi hapo, nani aendeshe? Brenna.

Huyu Brenna ni nani? Mzaliwa wa Akershus, aliyepitia umoja wa vijana wa chama chake, AUF. Tarehe 22 Julai 2011 alikuwa katibu mkuu wa umoja huo, naye alikuwepo kwenye kambi ya vijana katika kisiwa cha Utøya pale mtu mmoja mwenye itikadi kali za mrengo wa kulia alipofika na bunduki. Watu 69 waliuawa kwa shambulio la kisiwani, na wengine 8 kwa bomu alilotega Oslo saa chache kabla. Brenna alinusurika. Mei 2012 alisimama mahakamani kutoa ushahidi.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nikafungua ramani, na nikakaa kimya kidogo. Kisiwa cha Utøya kiko wilaya ya Hole, na Hole iko Buskerud. Maana yake ni kwamba 2020 kisiwa hicho kiliingia ndani ya Viken, mkoa ambao serikali yake iliongozwa na msichana wa zamani wa kambi ile. Sijui yeye mwenyewe alilionaje jambo hilo, na sitamsemea. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba muuaji yule alitaka kukata mti ukiwa mche. Miaka minane baadaye mche ulikuwa ukigombana na bajeti za mabasi na shule. Huo nao ni ushindi, hata kama hauna ngoma.

Na miaka yake miwili haikuwa ya kukaa ofisini na kusubiri mkoa ufe. Machi 2020 Norway ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Tarehe 30 Desemba 2020, ardhi ya udongo laini iliporomoka katika kijiji cha Ask, wilaya ya Gjerdrum, ikabeba nyumba na kuua watu 10. Wiki chache baadaye, Januari 2021, kirusi kilichogunduliwa kwanza Uingereza kikaibuka Nordre Follo, na wilaya za jirani zikafungiwa. Yote hayo ndani ya Viken. Mwanafunzi anayetaka masomo hawezi kuambiwa asubiri kwanza wakubwa waamue kama mkoa wake upo au haupo.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni mabasi. Mkoa uliungana, lakini abiria wa Fredrikstad aliendelea kupanda basi la Østfold kollektivtrafikk, wa Drammen akapanda la Brakar, na wa Lillestrøm akapanda la Ruter. Ukiunganisha watu kwenye gazeti la serikali, hujawaunganisha kituoni.

Oktoba 2021 serikali kuu ikabadilika. Jonas Gahr Støre akawa waziri mkuu, na Brenna akiwa na miaka 33 akaondoka Viken kwenda kuwa waziri wa elimu. Februari 2022 baraza la Viken likapiga kura kuomba mkoa wao uvunjwe. Bunge likaridhia mwaka huohuo, na tarehe 1 Januari 2024 Akershus, Buskerud na Østfold zikarudi. Troms na Finnmark nazo zikaachana siku hiyohiyo. Viken ikafa ikiwa na miaka minne kamili.

Je, ilikuwa busara? Hapa naomba tusidanganyane. Kuunganisha kulikuwa na gharama, na kutenganisha kulikuwa na gharama nyingine: wafanyakazi kugawanywa, madeni kugawanywa, mikataba kuandikwa upya. Wapo waliosema mkoa ungepewa muda tu, watu wangeuzoea. Huenda. Na Brenna naye si malaika. Juni 2023, akiwa waziri, alikiri kwamba hakupaswa kushughulikia uteuzi wa rafiki yake kwenye bodi ya taasisi moja, akaomba radhi.

Ila kuna fundisho ninalolibeba. Ukubwa hauleti nguvu kama wanaoishi ndani hawakuulizwa. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Viken haikuishi kwingi, lakini imetuonyesha kwamba mpaka unaochorwa mezani unaweza kufutwa kwenye sanduku la kura. Na imetuonyesha kwamba kiongozi anaweza kutoamini katika mpaka aliopewa, na bado akahakikisha basi linakuja saa moja asubuhi.

Kwangu hicho cha pili ndicho kigumu zaidi. Naomba kuwasilisha.