Presha Ilivyoingia Nyumbani Kwetu

Leo tunazungumza kuhusu shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha. Lakini hatutaanza na dawa. Tutaanza na historia, tena historia ya hapa hapa Kenya.

Nina sababu. Mama wa miaka 45 au 50 akiambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda, mara nyingi hutoa jibu moja kati ya mawili. "Sista, huu ni uzee tu." Au, "Hata mama yangu alikuwa nayo. Iko kwenye ukoo." Akishasema hivyo anakunja kadi yake, anaenda nyumbani na kupika kama alivyopika jana. Majibu hayo yana ukweli kiasi, kwa sababu umri na ukoo huchangia. Lakini hayasemi yote. Sikiliza yaliyowahi kupimwa katika nchi yetu, kisha uamue mwenyewe.

Kipimo kilitoka wapi?

Ule mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka wa 1896. Mwaka wa 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, akaeleza jinsi ya kusikiliza mlio wa damu kwa kifaa cha masikioni, chini kidogo ya mkanda. Tangu hapo tumekuwa tukisoma namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Presha ya 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikapimwa hivyo zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya juu.

Fikiria mpira wa kunyunyizia maji shambani. Maji yakija kwa nguvu kupita kiasi kila siku, mpira huchoka, huwa mgumu, na mwisho hupasuka. Mishipa yetu ni hivyo hivyo. Inapoharibika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Moyo huchoka na figo huharibika. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi mwenye presha anaweza kukosa dalili yoyote. Hana maumivu, anachota maji, anauza sokoni, anacheka na jirani.

Kavirondo ya Kusini, 1929

Kifaa hicho kilifika Kenya wakati wa ukoloni. Miaka ya 1920, daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison alikuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, eneo ambalo leo lina kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Alipima presha ya Waafrika 1,000, kisha mwaka wa 1929 akachapisha matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet.

Matokeo yalishangaza. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri miaka inavyoongezeka. Kwa watu hawa, baada ya miaka 40 presha haikupanda. Ilielekea kushuka. Tena, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa muda wa miaka 2, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu.

Tusidanganyane kwamba maisha ya zamani yalikuwa raha. Watoto walikufa kwa surua na malaria. Akina mama walikufa wakijifungua. Umri wa mtu ulikadiriwa tu, maana vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Lakini wale waliofika makamo walifika bila presha. Kumbe mtu anaweza kuzeeka na presha isipande!

Watu hao waliishi vipi? Walikula wimbi, mtama, kunde, viazi vitamu, mboga za kienyeji, na samaki kwa walio karibu na ziwa. Walitembea kwenda shambani, mtoni na sokoni. Chumvi ya dukani haikuwa kitu cha kumwaga ovyo. Sehemu za magharibi, wanawake walichoma matete au maganda ya maharagwe, wakachuja majivu kwa maji, wakapata munyu wa kulainishia mboga. Majivu hayo yana potasiamu kwa wingi, tofauti na chumvi ya dukani ambayo ni sodiamu.

Shika maneno hayo mawili. Sodiamu ikizidi huvuta maji mwilini, damu ikaongezeka wingi na kusukuma mishipa. Potasiamu, inayopatikana katika mboga, matunda, viazi na jamii ya maharagwe, husaidia figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo na kulegeza mishipa.

Wasamburu jeshini

Miaka ikapita. Kenya ikapata uhuru mwaka wa 1963, miji ikakua, vijana wakaondoka nyumbani kutafuta kazi. Mwaka wa 1969 daktari A. G. Shaper na wenzake walichapisha habari za vijana wa Kisamburu walioingia jeshini. Nyumbani vijana hao waliishi zaidi kwa maziwa, na chumvi yao ilikuwa kidogo. Jeshini walikula chakula cha kambi, chenye chumvi nyingi kuliko walivyozoea. Walipoendelea kukaa huko, presha yao ilipanda. Hawa walikuwa vijana wenye nguvu, wanaofanya mazoezi kila siku. Kwa hivyo ukifikiri kwamba jasho la shamba linatosha kufuta chumvi ya sahani, wakumbuke wao.

Kutoka ziwani hadi Nairobi

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifuata katika miaka ya 1980. Daktari Neil Poulter na wenzake wa Kenya na Uingereza waliwafuatilia Waluo, wanaume kwa wanawake wa miaka 15 hadi 34, waliohama vijiji vya kaskazini ya Ziwa Victoria na kuja kuishi Nairobi. Walikuwa zaidi ya 300. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki vijijini, wakawapima mara kwa mara hadi miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990.

Presha ya waliohamia Nairobi ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa nyumbani, na tofauti hiyo ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Uzito na mapigo ya moyo pia vilihusika. Kwa lugha ya jikoni, chumvi ilizidi, mboga na viazi vikapungua, na mwili ukanenepa.

Hapa ndipo majibu yetu mawili yanapokwama. Watu hawa hawakuzeeka ndani ya miezi michache. Na ukoo wao haukubadilika ndani ya basi la kwenda Nairobi. Kilichobadilika ni maisha, hasa kilichokuwa ndani ya sahani.

Mwaka wa 1988, utafiti mwingine mkubwa ulioitwa INTERSALT ulipima zaidi ya watu 10,000 katika nchi 32. Makundi 4 kati yao yalikula chumvi kidogo sana na yalikuwa na presha ya chini. Mawili yalikuwa ya wenyeji wa Brazili, moja la Papua New Guinea, na la nne lilikuwa la kijijini hapa Kenya.

Lakini siku hizi si lazima uhame ndipo maisha yabadilike. Mji umetufuata vijijini. Pakiti ndogo ya unga wa mchuzi iko katika kila kioski. Crisps za watoto ziko njiani kuelekea shule. Soseji, mkate, soda na chapati ni chakula cha kila siku. Bodaboda inatusubiri mlangoni. Mwaka wa 2015 serikali ilifanya uchunguzi nchi nzima, ikapata kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Je, inaweza kurudi chini?

Ndiyo, mama. Mwaka wa 1997 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti ulioitwa DASH. Waliwapikia watu wazima 459 chakula maalumu kwa wiki 8. Kundi moja lilipewa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Kati ya wale waliokuwa na presha ya juu, namba ya juu ilishuka kwa karibu alama 11, na iliteremka ndani ya wiki 2 za kwanza. Hapo chumvi ilikuwa haijapunguzwa. Mwaka wa 2001 walipounganisha chakula hicho na chumvi kidogo, presha ilishuka zaidi.

Ukitazama chakula hicho vizuri utaona hakina ugeni. Sukuma wiki, managu, terere, mrenda, kunde, ndizi, paipai, nduma, viazi vitamu, githeri na maharagwe ni vyakula vya mama mboga wa hapo karibu.

Basi, tuanze hivi:

Kwanza, pima chumvi kwa kijiko, usipime kwa kiganja. Mtu mzima asizidishe kijiko 1 kidogo cha chai kwa siku, yaani gramu 5, tena hiyo ni pamoja na iliyo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Watoto wapate pungufu ya hapo. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Ukitia unga wa mchuzi au vidonge vya supu, usiongeze chumvi, kwa sababu tayari imo humo. Magadi nayo ina sodiamu, kwa hivyo githeri ilowekwe usiku ili iive haraka bila magadi. Tumia ndimu, kitunguu saumu, dania na tangawizi kuleta ladha. Punguza polepole, ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chumvi hiyo kidogo iwe ile yenye madini ya joto, kwa maana watoto na wajawazito wanayahitaji.

Pili, rudisha mboga. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Lakini ikiwa una ugonjwa wa figo, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu potasiamu nyingi inaweza kukudhuru.

Tatu, tembea haraka kwa dakika 30, angalau siku 5 kwa wiki. Ikiwa njia ya sokoni ni ya dakika 15, kwenda na kurudi zinatosha.

Nne, punguza uzito ikiwa umezidi. Hata kilo chache husaidia. Mafuta ya kukaangia nayo uyapime kwa kijiko.

Tano, acha sigara na ugoro, na ujihadhari na pombe.

Sasa neno la wewe uliye makamo. Hedhi inapokoma, presha ya wanawake wengi huanza kupanda. Na kama uliwahi kuwa na presha au kifafa cha mimba ulipokuwa mjamzito, hatari yako ni kubwa zaidi, hata kama miaka 20 imepita na ulishasahau. Mwambie muuguzi jambo hilo.

Ikiwa tayari unameza dawa, usiziache kwa sababu ya mazungumzo haya. Mabadiliko ya jikoni hutembea pamoja na dawa. Daktari ndiye atakayezipunguza akiona presha imetulia. Na mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukilegea upande mmoja au maneno yakigongana, usingoje asubuhi. Hicho huenda ni kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mama, wewe ndiye unayeamka usiku mtoto akiwa na homa. Wewe ndiye unayejua siku ya chanjo na ada ya shule. Ukianguka kwa kiharusi ukiwa na miaka 50, nyumba nzima inaanguka upande mmoja nawe. Lakini kijiko cha chumvi nacho kiko mkononi mwako, na kila anayekula kwenye sufuria yako hufaidika unapokipunguza. Mtoto aliyezoea mboga isiyo na chumvi nyingi hatakuja kupigana na ulimi wake akiwa mtu mzima.

Kazi ya wiki hii ni mbili. Ya kwanza, nenda ukapimwe presha katika zahanati au kituo cha afya, au umwulize mhudumu wa afya wa kijijini kwenu, kwani tangu mwaka wa 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye kipimo hicho. Keti utulie dakika 5 kabla ya kupimwa, uandike namba zote mbili. Ya pili, nunua pakiti ya chumvi, uandike juu yake tarehe uliyoifungua. Itakapoisha, hesabu siku. Pakiti inayofuata jaribu idumu zaidi.

Tukutane wiki ijayo. Kaa salama.