Merikebu Iliyozama Chini ya Ngome ya Mombasa

Ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Habari zake zimeandikwa sana. Walakini sehemu moja ilisalia baharini, chini ya kuta zake, katika maji yasiyofika kina cha mita 20.

Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome hiyo. Njaa na maradhi yakawamaliza walinzi, hata mwaka 1697 mkuu wa Kireno alipokufa, ngome ikabaki mikononi mwa Waswahili walioongozwa na Bwana Daud wa Faza. Septemba ikawasili merikebu ya vita, Santo António de Tanná, ikileta msaada. Lakini amari zake zilikatika, ikasukumwa mwambani, na mwezi wa Oktoba ikazama. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698.

Wapiga mbizi waliigundua merikebu hiyo katika miaka ya 1960. Tangu 1977 hata 1980 ilichimbuliwa na Makumbusho ya Kenya pamoja na taasisi ya Kimarekani ya elimukale ya majini, chini ya uongozi wa Robin Piercy. Kila kitu kilipimwa na kuchorwa mahali kilipolala kabla ya kuinuliwa. Sababu yake ni wazi. Mtungi ulionyakuliwa na mtafuta mali ni mtungi tu. Mtungi uliojulikana ulikolala waweza kueleza kama ulikuwa chombo cha mabaharia au bidhaa ya kuuzwa.

Kwa njia hiyo mengi yalidhihirika. Merikebu iliyoitwa ya Kireno ilikuwa imeundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681, kwa mbao za msaji. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kaure vya China, na mpingo. Bendera ilikuwa ya Ulaya, bali kiunzi na shehena vilikuwa vya Bahari ya Hindi. Hayo hayaonekani kwa urahisi katika barua za maamiri.

Kiunzi chenyewe, kilipokwisha kupimwa, kilifunikwa tena kwa mchanga, kwani mbao zilizolowa karne tatu zikikauka bila dawa hupasuka. Vyombo vingi vilivyotolewa vimehifadhiwa ngomeni. Basi kila chombo kilichovunjikia miamba ya pwani hii ni waraka, na waraka uliokwisha kuraruliwa hausomeki tena.