Msunguti: sumu ya mshale iliyokuwa dawa ya moyo

Maua ya msunguti ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo, na hunukia kama asumini. Mti wenyewe ni mfupi, hupenda vichaka na misitu mikavu, na Taita Taveta uko kwao. Asiyeujua huona pambo tu.

Kwa Waata, wawindaji ambao Wamijikenda huwaita Waliangulu, msunguti ulikuwa riziki. Magome, mizizi na vipande vya mti vilichemshwa saa nyingi hadi pakabaki utomvu mzito, mweusi. Utomvu huo ulipakwa kwenye mshale, kisha ukaviringishiwa ngozi nyembamba usikauke wala usimdhuru mwenyewe. Ndovu akichomwa barabara hakufika mbali. Nyama yake ililiwa bila madhara, maana sumu hii huua ikiingia kwenye damu; ile kidogo iliyobaki kwenye nyama hupenya tumboni kidogo mno. Waganga nao walichemsha mizizi, kwa kipimo cha uangalifu mkubwa, kutibu kaswende.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Léon-Albert Arnaud, alipata fuwele za sumu hiyo kutoka kwa mti wa ukoo huo huo unaotumiwa na Wasomali. Akaiita ouabaini, kwa kufuata jina la Kisomali la sumu ya mishale. Madaktari wa Ulaya, hasa Ujerumani, wakawadunga nayo wagonjwa wa moyo: kiasi kidogo huuongezea moyo nguvu ya kusukuma damu, kikizidi moyo husimama. Baadaye Jens Skou wa Denmark aliitumia ouabaini kuthibitisha kwamba kimeng'enya alichokieleza mwaka 1957 ndicho kinachosukuma chumvichumvi ndani na nje ya seli. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1997.

Huku Taita Taveta, mti uleule ulihusishwa na ujangili. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika nyika walimowinda Waata tangu enzi za mababu. Miaka ya 1950, David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, aliongoza msako mkali na wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uwape Waata uwindaji wa halali, lakini haukudumu.

Ndovu walistahili kulindwa, na bado wanastahili. Dhuluma ni kwamba mabingwa wa mti huu waliingia katika kumbukumbu za serikali kama majangili, basi. Aliyejua msunguti upi una makali, uchemshwe muda gani na sumu hudumu hadi lini, alikuwa mtaalamu wa dawa kwa kipimo chochote kile.

Wazee wenye elimu hiyo wanazidi kupungua. Chuo Kikuu cha Taita Taveta na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wawafuate vijijini, wawarekodi, na wawataje kwa majina yao. Nawe msomaji, ukikutana na msunguti, yatazame maua yake lakini usitafune wala kuchemsha sehemu yake yoyote: sumu yake inaua.