Toleo la Rizal la Kitabu cha Morga

Sucesos de las Islas Filipinas ni kitabu cha tarikh kilichotungwa na Antonio de Morga, hakimu wa Kihispania aliyetumikia Manila, kikapigwa chapa Mexico mwaka 1609, na kutolewa upya Paris mwaka 1890 pamoja na tanbihi za José Rizal, tabibu na mwandishi wa Kifilipino.

Rizal, aliyekinakili kwa mkono wake katika Makumbusho ya Uingereza, London, alikusudia kuwabainishia watu wake, walioambiwa kwa karne tatu kwamba ustaarabu uliwajia kwa merikebu za Hispania, kuwa wahenga wao walikuwa na hati yao, walisubu mizinga, waliunda vyombo vya bahari, na walifanya biashara na China na Japani. Rafiki yake Ferdinand Blumentritt, katika dibaji, alimlaumu kwa kuyapima ya kale kwa mizani ya zama zake, na lawama hiyo ni ya haki; walakini asili ya hoja, yaani kuwapo kwa ustaarabu wa kale, imethibiti. Kwa mfano, bamba la shaba la Laguna, huko Ufilipino, lina maandishi ya mwaka 900.