Mafundi Wasiolipwa Waliookoa Gemu Zilizohamishwa Vibaya

Dark Souls ilipoanza kuuzwa kwa wenye kompyuta, Agosti 2012, kasoro yake kubwa kuliko zote ilidumu dakika 23. Ndivyo waandishi wa habari za michezo walivyohesabu wakati ule. Katika dakika hizo mchezaji mmoja wa Austria, aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Durante, alikuwa ameshaandika faili dogo la kuiondoa kasoro hiyo na kuligawa bure kwa yeyote aliyelitaka. Hakuwa mwajiriwa wa kampuni iliyounda gemu ile, wala ya ile iliyoiuza. Alikuwa mteja.

Tukio hilo linanifaa kuanzia kwa sababu linaonyesha wazi jambo ambalo historia ya michezo ya video hulitaja pembeni tu: kuitoa gemu kwenye mashine moja na kuipeleka kwenye nyingine ni ufundi kamili. Kampuni nyingi zimeufanya kuwa kazi ya mwisho, ya haraka na ya bajeti iliyobaki, na mara nyingi waliokuja kuumaliza ni mashabiki.

Dark Souls ni kazi ya FromSoftware ya Tokyo, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Ilitoka mwaka 2011 kwa PlayStation 3 na Xbox 360 peke yake. Ni gemu ngumu, mchezaji hufa mara nyingi kabla ya kupiga hatua, lakini dunia yake imejengwa kwa akili isiyo ya kawaida: njia hurudi na kukutana pale usipotarajia, na hadithi imefichwa katika maelezo ya silaha na magofu. Wenye kompyuta waliisikia sifa hiyo kwa mbali. Januari 2012 wakaanzisha ombi mtandaoni, na saini zikapita 90,000. Miezi michache baadaye mchapishaji, Namco Bandai, akakubali. Toleo la kompyuta lingeitwa Prepare to Die Edition na lingekuja na sura mpya kuhusu shujaa Artorias.

Kabla halijatoka, wasimamizi wa mradi walikiri hadharani kwamba hawakuwa na uzoefu wa kompyuta na kwamba kazi ilikuwa inawapa tabu. Ukweli huo nauheshimu, kwa kuwa ni wachache wanaousema. Lakini gemu iliuzwa hivyo hivyo. Picha yake ya ndani ilifungwa kwenye pikseli 1024 kwa 720, kipimo kile kile cha mashine za sebuleni, kisha ikavutwa kuijaza skrini yoyote. Mtu mwenye kompyuta yenye nguvu mara kadhaa kuliko PlayStation 3 aliona ukungu ule ule. Kasi ilifungwa kwenye fremu 30 kwa sekunde. Kipanya kilikuwa karibu hakitumiki, na maelekezo kwenye skrini yaliendelea kumwambia mchezaji abonyeze vitufe vya Xbox hata kama mbele yake palikuwa na kibodi tu. Juu ya hayo, gemu ilifungwa ndani ya huduma ya Microsoft ya Games for Windows Live, ambayo wachezaji wengi walikuwa wameshaichukia.

Alichofanya Durante kinastahili kuelezwa polepole, maana ndani yake kuna werevu wa kupendeza. Msimbo wa gemu hakuwa nao, wala hakuwa na ruhusa ya kuupata. Alijua, hata hivyo, kwamba gemu ya Windows haichori picha yenyewe. Kila fremu huiomba maktaba ya michoro ya Microsoft iichoree. Alijua pia kwamba programu inapotafuta maktaba fulani, kwa kawaida hutazama kwanza ndani ya folda yake yenyewe. Basi akaandika faili lenye jina ambalo gemu ilikuwa inalitafuta, akaliweka katika folda ile. Gemu ikalichukua bila kushuku. Kuanzia hapo kila ombi la mchoro lilipita mikononi mwa faili lake kabla ya kufika kwenye maktaba halisi. Gemu ilipoomba turubai ya 1024 kwa 720, faili lilitoa ya 1920 kwa 1080, au kubwa zaidi kama mchezaji alitaka. Magofu ya Lordran, nchi ya gemu hiyo, yaliyochorwa kwa uangalifu mkubwa tangu mwanzo, yakaonekana kama wachoraji walivyoyachora.

Aliuita mradi huo DSfix, na hakuishia kwenye ukubwa wa picha. Wiki na miezi iliyofuata ilileta marekebisho ya maandishi ya skrini, vivuli vya pembeni, ukungu wa umbali na njia ya watu wengine kubadilisha picha za kuta na mavazi. Liliongezwa hata jambo la kuhifadhi nakala ya maendeleo ya mchezaji, maana kupoteza saa nyingi za Dark Souls kwa faili moja kuharibika kuliwaumiza watu kweli. Msimbo wa DSfix aliuweka wazi. Wengine wakaingia kusaidia, na mmoja wao akaifungua kasi kutoka fremu 30 hadi 60.

Hapo ndipo ilipoonekana kwa nini kazi hii ni ngumu. Gemu iliyoshonwa kwa mashine moja ni kama koti lililokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja: ukiligusa bega, mkono nao unavutika. Waundaji wa Dark Souls walichukulia kwamba sekunde moja ni fremu 30, na wakaandika hesabu nyingi za mwendo juu ya dhana hiyo. Kasi ilipopanda maradufu, baadhi ya miruko ikawa mifupi, na aliyeteleza kwenye ngazi kwa haraka aliweza kupenya sakafu na kuanguka kwenye utupu. DSfix ikampa mchezaji kitufe cha kurudi kwenye fremu 30 kabla ya kushuka. FromSoftware wenyewe walikumbwa na jambo la namna hiyo katika Dark Souls II ya mwaka 2014: kwenye fremu 60, silaha zilichakaa mara mbili ya kasi iliyokusudiwa, na marekebisho rasmi yalisubiri hadi 2015.

Tatizo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1982 Atari walitoa Pac-Man kwa mashine yao ya nyumbani, Atari 2600, baada ya gemu hiyo kushinda dunia nzima katika kumbi za michezo. Tod Frye, aliyepewa kazi ile, alikuwa na kilobaiti 4 za nafasi kwenye kaseti na baiti 128 tu za kumbukumbu ndani ya mashine. Mashine haikuweza kuchora mizimu minne kwa wakati mmoja, hivyo akaichora kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, nayo ikawa inapepesa. Kaseti zilizouzwa zilipita milioni 7, na bado watu walinung'unika, wakakumbuka Pac-Man ile kwa hasira. Lawama nyingi zilimwangukia Frye. Sioni haki katika hilo, kwa sababu mipaka ile aliwekewa. Na mnunuzi wa mwaka 1982 hakuwa na njia yoyote ya kuifungua kaseti na kuirekebisha.

Kompyuta ndiyo iliyoleta njia hiyo. Faili za gemu zimelala kwenye diski ya mnunuzi, anaweza kuzisoma, kuzipima na kuzibadilisha. Resident Evil 4 ya Capcom ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2007 ilijengwa juu ya toleo la PlayStation 2, lililokuwa limeshapunguzwa kutoka lile la awali la GameCube la mwaka 2005. Ilifika ikiwa imepungukiwa mwanga na bila kulenga kwa kipanya, katika gemu ambayo kulenga ndiyo kazi nzima. Mashabiki wakaishughulikia. Capcom walipotoa toleo jingine la kompyuta mwaka 2014, Wahispania wawili, Albert Marín na Cris Morales, walianza kuichora upya kila picha ya kuta, milango, mawe na vitambaa, na mradi wao ukakamilika Februari 2022. Ili kuipata sura halisi ya jiwe au mlango, Marín alisafiri hadi kwenye majengo ya Ulaya ambako Capcom walikuwa wamepiga picha zao za awali, akazipiga upya. Miaka minane kwa gemu ya mtu mwingine! Sijui kipimo kingine cha mapenzi kwa kazi ya sanaa kinachozidi hapo.

Silent Hill 2 inagusa jeraha la ndani zaidi. Mwaka 2012 Konami walitoa mkusanyiko wa HD kwa mashine mpya, na studio iliyopewa kazi ikakuta kwamba msimbo wa mwisho wa gemu asilia haukuwepo. Walichokabidhiwa ni msimbo wa kabla ya kukamilika, wenye makosa ambayo waundaji wa awali walikuwa wameshayaondoa. Matokeo yalihuzunisha, na ukungu maarufu wa mji wa Silent Hill, ambao ulificha udhaifu wa PlayStation 2 na papo hapo ukatia hofu, ukatoweka mahali pengi na kuacha mandhari tupu. Basi kundi la mashabiki likarudi kwenye toleo la kompyuta la mwaka 2002, ambalo halikuwa tena sokoni, na kuanza kulijenga upya kipande kwa kipande: ukungu, sauti, skrini pana, uwezo wa kwenda kwenye Windows za leo. Kampuni ilishindwa kutunza msimbo wa moja ya kazi zake kubwa kabisa, na waliozihifadhi nakala ni wanunuzi.

Je, jitihada hizi haziwapi wachapishaji kisingizio? Hoja hiyo ina uzito. Ukijua kwamba mashabiki watatengeneza, kwa nini ulipe mafundi? Deadly Premonition ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2013 ikiwa imefungwa kwenye pikseli 720 za kimo, kana kwamba Dark Souls haikumfundisha mtu chochote, na Durante akaitolea tiba ndani ya saa chache. Nier: Automata ilitoka Machi 2017 ikiwa na kasoro ya ukubwa wa picha kwenye skrini nzima. Programu iitwayo FAR, iliyoandikwa na mtu anayejiita Kaldaien, ikaibeba gemu hiyo kwa miaka minne. Square Enix, wachapishaji wake, walitoa sasisho rasmi Julai 2021, baada ya toleo bora zaidi kuonekana katika duka la Microsoft na wateja wa duka la Steam kuja juu. Miaka yote hiyo gemu iliendelea kuuzwa.

Kilichowatia wachapishaji adabu kidogo ni pesa. Juni 2015 duka la Steam lilianza kuwarudishia wateja fedha kama wameicheza gemu chini ya saa mbili na hazijapita siku 14 tangu wainunue. Wiki tatu baadaye Batman: Arkham Knight ikafika, imefungwa kwenye fremu 30 na ikikwama hata kwenye mashine za bei kubwa. Warner Bros. wakasimamisha mauzo ya toleo la kompyuta mara moja, na halikurudi sokoni hadi mwisho wa Oktoba. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa na sauti tu. Sasa alikuwa na uwezo wa kuzichukua fedha zake na kuondoka.

Kuna kampuni zilizochagua mahakama. Grand Theft Auto: San Andreas, ambayo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam waliijua kwenye PlayStation 2 za vibandani, ilirudi Novemba 2021 pamoja na ndugu zake wawili katika toleo lililoitwa la mwisho na bora. Liliegemea matoleo ya simu, mvua yake ilizuia kuona, na mabango yake yalikuwa na maneno yaliyokosewa. Rockstar, wenye gemu hizo, waliomba radhi ndani ya siku chache na kuyarudisha matoleo ya zamani waliyokuwa wameyaondoa sokoni. Ajabu ni kwamba miezi miwili kabla, kampuni mama, Take-Two, ilikuwa imewashtaki huko California mashabiki walioufumbua msimbo wa GTA III na Vice City ili gemu hizo ziende vizuri kwenye mashine za leo. Sheria ya hakimiliki inawapa Take-Two nguvu hiyo, sikatai. Nakataa tu kuitwa wezi kwa watu ambao, ili kuutumia mradi wao, walikutaka kwanza uwe na nakala uliyoinunua.

Jina halisi la Durante ni Peter Thoman, mtaalamu wa kompyuta aliyesomea Chuo Kikuu cha Innsbruck. Wachapishaji wengine walimwona kwa jicho tofauti. XSEED walimwita asaidie matoleo yao ya kompyuta, na hatimaye akaanzisha kampuni yake, PH3, inayohamisha gemu za Kijapani. FromSoftware na Bandai Namco, jina jipya la Namco Bandai, nao walitoa Dark Souls: Remastered Mei 2018, yenye fremu 60 na picha kubwa, na toleo la mwaka 2012 likaondolewa dukani. Aliyekuwa nalo alipewa punguzo la nusu ya bei. Alichokipata humo, kwa sehemu kubwa, DSfix ilikuwa imeshampa bure.

Mwaka huo huo NIS America walitoa Ys VIII kwenye kompyuta baada ya kuiahirisha kwa miezi, na bado ilitoka mbovu. Safari hii hawakumsubiri shabiki afungue faili usiku nyumbani kwake. Waliipa PH3 kazi hiyo, na Januari 2020 toleo lililotengenezwa upya likawafikia wanunuzi wote kama sasisho rasmi, bila kulipa zaidi, likiwa limeongezewa hata uwezo wa wachezaji wawili kucheza pamoja.